Nimekushika, Mheshimiwa

Palikuwa na nchi. Mwenye kutaka kujua iko wapi asihangaike na ramani, afungue dirisha tu.

Katika nchi hiyo bahari iliwahi kuingiza mkono bara ikasahau kuutoa. Maji yaliyobaki ndani, mapana na ya kina kifupi, yakizungukwa na mikoko, watu waliyaita Wangwa. Heroe walishuka humo kula, ndege wadogo vitwitwi walikimbiakimbia matopeni kama makarani waliosikia bosi ameingia getini, na katikati kabisa lilipita tuta jembamba la udongo, lililoshindiliwa na magurudumu ya baiskeli tangu babu za watu hawajaota ndevu. Serikali haikuwa imeweka hata jiwe moja pale. Ndiyo maana njia ilikuwa nzuri.

Juu ya tuta hilo, kila asubuhi, alipita Mwanakheri na baiskeli yake nyeusi ya chuma, yenye keria pana kama kitanda cha mtoto. Kengele haikuwa nayo, na haikuihitaji, kwa sababu yenyewe nzima ilikuwa kengele. Pedali zikisema kwiki, mnyororo uliitikia kwaka. Na pale kwenye keria, ndani ya tenga gumu la fito lenye nafasi za kupumulia, kaa wa mikokoni waliofungwa magando kwa ukindu waligongana kama vijiko vya harusini.

Kaa hao aliwanunua kwa akina mama wanaowachokoa mashimoni upande huu wa Wangwa, akawapeleka kwa mpishi wa hoteli upande wa pili. Sharti lilikuwa moja: wafike hai. Mpishi yule alikuwa na desturi ya kumtazama kila kaa machoni. Kaa akimkodolea, alipokewa. Asipokodoa, alirudishwa kwa mwenyewe na rambirambi. Kwa njia ya tuta, kaa walifika wakiwa na hasira zao zote. Hasira hizo ndizo zilizomlisha Mwanakheri, mama yake na wadogo zake.

Basi siku moja wakaja wataalamu kutoka Wizara ya Mandhari na Utulivu. Wakasimamisha vyombo vya miguu mitatu juu ya tuta, wakafumba macho, wakasikiliza. Mwanakheri alipotokea, kwiki kwaka, walimwomba apite upesi ili waendelee kuugundua utulivu. Akapita. Wakaugundua. Jioni redio ikatangaza kwamba nchi imepata njia tulivu ya baiskeli kuliko zote, na kwamba haikuwahi kuwapo kabla ya Wizara kuiona.

Wiki haikuisha, kizuizi kikawekwa, na ubao ukubwa wa mlango wa msikiti: HIFADHI YA WANGWA. NJIA TULIVU YA BAISKELI. CHOCHOTE KITAKACHOPIGA KELELE KITAKAMATWA NA KUFUNGWA MLINGOTINI. Kipimo cha kelele kilikuwa kimeagizwa ng'ambo. Hadi kifike, askari wa kizuizini, aitwaye Mapande, aliruhusiwa kutumia sikio lake la kushoto, ambalo Wizara ililikagua na kulipitisha.

Asubuhi hiyo Mapande alimsikia Mwanakheri kabla hajamwona.

"Dada, baiskeli yako inaongea."

"Inasalimia tu, afande."

"Hapa ni njia tulivu. Salamu ni kwa ishara."

Baiskeli ikakamatwa, ikapelekwa mjini, ikafungwa mnyororo kwenye mlingoti wa bendera mbele ya Wizara, ili wananchi wajifunze. Mwanakheri akabaki na tenga kichwani. Kwa kuwa kutembea kwenye njia ya baiskeli bila baiskeli nalo lilikuwa kosa, ikabidi azunguke kwa barabara kuu, juani, na malori yakimpumulia. Kaa walifika wameshaaga. Mpishi aliwatazama mmoja mmoja, akavua kofia yake nyeupe.

Siku zikawa hivyo. Nyumbani sufuria likaanza kupika maji na matumaini. Kila akimaliza kurudishiwa maiti zake, Mwanakheri alikwenda kukaa chini ya mlingoti, kando ya baiskeli yake. Hakuwa na siasa. Hakudai katiba. Alitaka baiskeli, hasa ile keria.

*

Sasa njia ilikuwa tulivu kweli, maana hakupita mtu. Hapo Waziri, Mheshimiwa Ngwamba, akaialika Jumuiya ya Wapenda Utulivu kutoka ng'ambo, wazee wembamba wenye kofia za plastiki, wanaozunguka dunia wakionja njia za baiskeli kama wapishi wanavyoonja chumvi. Wakikisifu kipande cha njia, dunia nzima huja kukinyamazia.

Wazee wale walijibu kwa adabu kwamba watakuja. Walikuwa wamesoma wasifu wa Mheshimiwa, wakaguswa sana, na wangefurahi kama yeye mwenyewe angeizindua njia kwa kuiendesha yote, yeye mbele, peke yake, kama utotoni.

Wizara nzima ikaishiwa na mate.

Lazima ieleweke kwamba katika nchi hiyo mtu hachaguliwi kuwa kiongozi kama hakuteseka utotoni. Asiyeteseka huandikiwa. Mheshimiwa Ngwamba alipelekwa shule kwa gari la baba yake, na dereva akimbebea mkoba. Lakini wasifu wake, ambao watoto wa darasa la nne waliukariri, ulisema alivuka Wangwa kila alfajiri kwa baiskeli ya marehemu baba yake, bila viatu, bila chai, na bila pedali ya kushoto. Baba mwenyewe, aliyekuwa hai na mwenye mabasi, alipousoma alilia sana kwa uchungu wa umaskini aliokufa nao.

Kwa hiyo Waziri hakuweza kukataa, na hakuweza kuendesha. Kwanza aliletwa profesa, akatoa semina juu ya mizani, mvutano na mzunguko. Mheshimiwa alielewa kila kitu. Alipewa cheti, akapanda baiskeli, akaanguka na cheti mkononi.

Mkuu wa itifaki wa Wizara, ambaye watu walishasahau jina lake wakamwita Bwana Itifaki, alikwenda dirishani ili asionekane akicheka. Ndipo akamwona mwanamke chini ya mlingoti. Akamwita.

"Bibie, hiyo baiskeli unaijua kuiendesha?"

"Yenyewe ndiyo inayonijua mimi, bwana. Nifungulieni niwaonyeshe."

Hakufunguliwa, ila alipewa ahadi mbele ya mashahidi: Mheshimiwa akifika mwisho wa njia bila kuanguka, baiskeli ataipata siku hiyo hiyo, imetiwa na mafuta.

Mazoezi yalifanyika ukumbini, mapazia yamefungwa, meza zimesukumwa ukutani. Ilizuka kwanza hoja kama raia anaweza kushika tandiko analokalia Waziri. Wanasheria walijadili mpaka chai ikapoa, wakaamua kwamba anaweza, mradi analishika kwa niaba ya taifa. Mwanakheri akajifunga kanga kiunoni, akashika tandiko, akaanza kukimbia.

"Umenishika?"

"Nimekushika, Mheshimiwa."

Neno hilo kila aliyewahi kumfundisha mtu baiskeli analijua. Mwanzo huwa kweli, mwisho huwa uongo, na mwanafunzi hujua kuendesha pale uongo unapoanza. Lakini Mheshimiwa alikuwa mtu mzoefu wa uongo, na kila baada ya hatua chache aligeuka kuhakikisha. Akiuona mkono, alikwenda kama tiara. Asipouona, alianguka papo hapo kama mtu aliyepewa amri. Hata Mwanakheri akasema ukweli: siku ya uzinduzi itabidi mtu akimbie nyuma, amshike mpaka mwisho.

Bwana Itifaki akatabasamu. Hilo lilikuwa jepesi. Mshikaji atabeba mwavuli kwa mkono wa pili. Katika nchi hiyo hakuna aliyewahi kumwona Waziri bila mtu wa mwavuli nyuma yake, na kama asingekuwapo ndiyo watu wangeuliza.

*

Siku ikafika. Msafara wa magari uliingia Wangwani na ving'ora, bendi ya matarumbeta ikatangulia kulainisha hewa, na vipaza sauti vikaelekezwa kwenye mikoko ili nayo isikose ujumbe. Heroe, ambao hawakupewa ratiba, waliondoka wote.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," akaanza Mheshimiwa. "Mimi ni mtoto wa tuta hili. Nilipita hapa bila viatu, bila chai, bila pedali ya kushoto. Tuta hili ndilo lililonifundisha kujitegemea. Leo nasema kwa sauti kubwa: utulivu oyee!"

Oyee iliyoitikiwa ilifika mpaka ng'ambo ya pili, ambako wageni walikuwa wakisubiri chini ya hema. Mmoja wao alitoa pamba mfukoni.

Mheshimiwa akapandishwa na watu, akaelekezwa na watu, akasukumwa na watu. Mwanakheri akashika tandiko kwa mkono wa kulia, mwavuli kwa wa kushoto, mbio zikaanza. Mheshimiwa hakuwa mtu mdogo, na upepo wa Wangwa ulikuwa haujui vyeo. Ulijaa ndani ya mwavuli ukamvuta Mwanakheri nyuma, huku Waziri akimvuta mbele, yeye katikati akinyooka kama nguo inayokamuliwa.

"Umenishika?"

"Nimekushika, Mheshimiwa."

Walipofika kwenye mkoko uliopinda, ndala yake ikazama topeni, na mguu ukaifuata. Mawazo yalimpita kwa haraka. Aking'ang'ania tandiko, wote wawili watakwenda majini, na baiskeli yake itaozea mlingotini. Akiachia, huenda Mheshimiwa akaanguka. Huenda pia asianguke. Akaachia.

Akabaki palepale, tope kwenye vifundo, mwavuli juu, akipaza sauti ileile ya mtu anayekimbia, na kuhema akaongeza ili ipendeze.

"Nimekushika, Mheshimiwa!"

"Usiniachie!"

"Sikuachii!"

Mgongo wa Waziri ukazidi kuwa mdogo. Ilipofika mahali swali halisikiki tena, Mwanakheri aliendelea kujibu kwa kukisia. Na Mheshimiwa akaenda. Akaenda sawasawa, kifua mbele, upepo ukimpepea, akifanya jambo la kwanza maishani mwake kwa nguvu zake mwenyewe, na hana habari.

Kusimama hakuwa amefundishwa, kwa sababu katika Wizara ile hakuna aliyewahi kuuliza. Aliupita utepe bila mkasi, ukamfuata mabegani, akaingia hemani, akatulia katikati ya meza ya madafu. Gazeti la kesho yake lilisema amekata utepe kwa kifua.

Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akageuka kumwambia mshikaji amsafishe koti. Hakuona mtu. Mbali sana, kwenye mkoko uliopinda, aliona mwavuli, mdogo kama uyoga, unakuja mbio.

Mwanakheri alifika anatweta, amepoteza ndala, lakini uso umejaa sherehe. Kwake kazi ilikuwa imekwisha na keria imerudi. Furaha ikamponza, akasema kweli.

"Hongera, Mheshimiwa. Mimi nilikuachia kule kwenye mkoko. Umekuja peke yako."

Pakawa kimya. Hapo ndipo wageni walipousikia ule utulivu walioufuata.

"Peke yangu?" Mheshimiwa aliuliza kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali. Akaing'ang'ania meza kwa hofu ya hatari iliyokwisha pita. Akatafutiwa kiti. Waliokuwa karibu waliangalia chini, kama wanavyofanya watu mtu mzima anapofumaniwa.

Bwana Itifaki ndiye aliyeliokoa taifa. Aliinama sikioni. "Alikushika kwa mbali, Mheshimiwa. Mkono wa serikali ni mrefu."

Rangi ikamrudi Waziri. "Kumbe. Nami nilihisi kitu mgongoni."

Akatazama tuta alilolivuka, na moyo wake, ambao kwa kawaida ulikuwa na shughuli nyingine, ukaingiwa na huruma. "Na hawa wananchi wenye baiskeli, wao wanashikwa na nani?"

Wakatazamana. "Hawashikwi, Mheshimiwa."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Mheshimiwa akatoa leso. "Tumewaacha watu wetu waende hivi hivi," akasema, na wapiga picha wakamwomba alie tena wakiwa karibu zaidi.

*

Sheria ya Kushikwa ilipita bungeni kabla ya chakula cha mchana. Wabunge walibishana juu ya jambo moja tu, kama mkono uwe wa kulia au wa kushoto, wakaliachia kanuni. Tangu siku hiyo hakuna baiskeli itakayopita Njia Tulivu bila Mshikaji wa Serikali. Tangazo la kazi lilibandikwa mahali pa wazi, jikoni kwa Mheshimiwa, na kwa bahati waliofuzu wote walikuwa wapwa zake.

Ahadi kwa Mwanakheri ilitimizwa, mtu asiseme haikutimizwa. Alifunguliwa baiskeli yake, imetiwa mafuta mpaka kwiki na kwaka zimenyamaza. Kando yake alisimama mpwa mmoja mpana, aitwaye Mzingo, amevaa shati la kijani lenye maandishi MSHIKAJI.

Asubuhi ya kwanza Mzingo alikimbia vizuri sana mpaka pale kizuizi kilipoacha kumwona. Akasimama, akashika mbavu. Akasema kanuni zinamtaka ashike tandiko, hazikusema awe wapi. Akalishusha tenga, akapanda keria, akaketi, akashika tandiko kwa vidole viwili.

"Haya, dada. Kanyaga. Usiogope, nimekushika."

Tenga likahamia mbele, likaning'inia kwenye usukani, na baiskeli ikawa inakwenda upande kama kaa wenyewe. Nusu ya mzigo ilibaki nyumbani. Mwanakheri alikanyaga jasho likimwingia machoni, nyuma Mzingo akitafuna muhogo wa kuchoma na kulalamika kwamba njia ina matuta mengi. Walipofika kizuizi cha pili, mwisho wa njia, penye ubao kama ule wa kwanza, Mapande, ambaye alikuwa amehamishiwa huko, aliuliza kama sheria inavyotaka.

"Umeshikwa?"

"Nimemshika," akajibu Mzingo, mdomo umejaa.

"Piteni."

Hotelini walifika jua limeshapanda, na mpishi akavua kofia.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Wizara ilitoa taarifa kwamba tangu sheria ianze hakuna raia aliyeanguka, na kwamba mwendo umepungua kwa kiwango cha kuridhisha. Mama yake Mwanakheri alimtazama bintiye akirudi jioni na rambirambi zake, akacheka kicheko cha mtu mwenye njaa. "Mwanangu, ulikwenda kudai baiskeli, umerudi na mume asiyetoa mahari."

Neno hilo lilimchoma Mwanakheri kuliko yote. Usiku ule alilala nalo. Asubuhi akaamka mpole, mpole wa kutisha.

Alilirudisha tenga nyuma, akalifunga kwenye keria kwa mpira, akakunja kanga yake nzuri ya maua, akaitandika juu. Mzingo alipokuja, akamkaribisha kwa mikono miwili.

"Keria ni chuma, bwana, itakuumiza. Nimekutandikia mto."

Mzingo alifurahi. Alikuwa ameanza kuamini kwamba wananchi hawana shukrani. Akaketi juu ya tenga kama sultani, na fito zikambeba, maana lile tenga lilikuwa gumu. Ndani yake kaa wote walikuwa wamefungwa vizuri isipokuwa dume mmoja, mkubwa kama sahani, ambaye Mwanakheri alisahau kumfunga. Kusahau ni ubinadamu.

Wakaondoka. Baiskeli haikulia hata kidogo. Heroe walikuwa wamerudi, vitwitwi wakikimbia, maji yametulia kama chai iliyosahauliwa. Wageni wangekuwapo wangelia kwa raha. Walikaribia kizuizi cha pili pale gando lilipopata nafasi kati ya fito, likasukuma kanga, likapapasa, likashika.

Sauti aliyotoa Mzingo haikuwahi kusikika Wangwani tangu siku ya uzinduzi. Heroe waliondoka tena. Mwanakheri hakugeuka. Alikanyaga tu, akisema kwa upole wa mwalimu, "Tulia, bwana. Usiogope. Amekushika."

Mapande alitoka kibandani, sikio la kushoto mbele. Akauliza ni nini kinachopiga kelele.

"Si baiskeli, afande," akasema Mwanakheri. "Baiskeli imetiwa mafuta na Wizara."

Mapande akainama, akaisikiliza pedali, akausikiliza mnyororo, akaridhika. Akainuka, akamsikiliza Mzingo, hakuridhika. Mzingo alilia kwamba yeye ni serikali, kwamba mjomba wake ni nani na nani. Mapande alikwenda ubaoni akausoma upya, taratibu, kwa kidole. Ubao ulisema chochote. Haukusema isipokuwa wapwa.

Basi fito za tenga zikapanuliwa kumpisha kaa, Mzingo akakamatwa, akapelekwa mjini akitembea kwa upande, akafungwa mlingotini mbele ya Wizara, na kaa naye pamoja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Wananchi walikuja kujifunza. Siku hiyo walijifunza wengi sana, hata wengine wakarudi na watoto.

Mwanakheri alivuka. Tenga lilikuwa nyuma mahali pake, njia nyeupe mbele, na hakuna aliyemshika. Hotelini mpishi aliwainua kaa mmoja mmoja, akawatazama machoni. Wote walimkodolea. Kofia haikuvuliwa, na jioni ile kwa mama yake kulinukia samli.

Asubuhi yake, Wizara ikamletea mpwa mwingine. Alikuwa amevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, na kwa mbali alionekana mtu anayeijua kazi.